Maji Yanapochemka kwa Nyuzi 95

Mwanafunzi wa Kawetele, mjini Tukuyu, akitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota, atasoma nyuzi 95 hivi. Kitabu chake kinasema 100. Hapo wengi hulaumu kifaa, au huandika 100 ili wapate tiki. Kwa vyovyote vile, uchunguzi umekufa.

Kitabu hakijakosea, ila nyuzi 100 ni za usawa wa bahari. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi au zaidi, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Ndiyo maana maharage ya Tukuyu hukawia kuiva kuliko ya Kyela, kule bondeni kando ya Ziwa Nyasa.

Tofauti hiyo yatosha kuwa uchunguzi kamili. Swali lake ni hili: mwinuko unaathirije kiwango cha kuchemka? Nadharia tete ni jibu la muda linaloweza kupimwa, na hata kukataliwa: kadiri mwinuko unavyoongezeka, maji huchemka kwa jotoridi dogo zaidi. Ukisema tu kwamba maji ya mlimani ni tofauti, hujatoa nadharia tete, kwa sababu hakuna cha kupima.

Kinachofuata ni vigeu. Unachokibadilisha kwa makusudi, yaani mwinuko, ni kigeu huru. Unachokipima, yaani jotoridi la kuchemka, ni kigeu tegemezi. Vinavyobaki hudhibitiwa visibadilike: kipimajoto kiwe kilekile, chombo kiwe wazi, maji yatoke chanzo kimoja. Ukichemsha maji ya chumvi Kyela na maji ya mvua Kawetele, hutajua tofauti imeletwa na mwinuko au na chumvi.

Kabla ya kupima, hakiki kifaa. Kitie kwenye barafu inayoyeyuka. Hata Tukuyu kinapaswa kusoma sifuri, kwa kuwa mwinuko hauathiri kuyeyuka kwa barafu kwa kiasi cha kuonekana. Kikisoma 2, kasoro ni ya kifaa, si ya mlima. Wakati wa kupima, tungi lisiguse kitako cha bika, na jicho liwe usawa na ncha ya kioevu. Ukichungulia kwa juu au kwa chini, utasoma namba nyingine.

Rudia kipimo mara tatu au zaidi, ujaze jedwali papo hapo pamoja na vizio. Tuseme umepata 95, 94.5, 95 na 89. Hiyo 89 usiifute. Iwekee alama, tafuta chanzo chake, kisha rudia. Huenda ulisoma maji yalipoanza tu kutoa viputo.

Uaminifu kwa data una historia hapa nchini. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dkt. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu jijini Dar es Salaam, wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne alirudi chuoni, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Kwa hiyo taja kwenye ripoti yako mahali ulipoweka kipimajoto, ili mwingine aweze kurudia.

Hitimisho nalo lisizidi data. Vipimo vya Kawetele na Kyela vikipatana na nadharia tete, andika kwamba vinaiunga mkono, si kwamba vimeithibitisha, maana vituo viwili ni vichache. Mwenye ndugu Isongole, juu zaidi kwenye barabara ya Mbeya, akapime na huko; kituo cha tatu ndicho kitakachoonyesha kama nukta za grafu zinakaa kwenye mstari mmoja.