Wakati mikono inafunga mzigo, masikio yako yanafanya nini?

Wauzaji wenzangu, mi jioni nafunga oda hapa Makoroboi, nyingine zinapanda meli ya Nansio. Mikono ina kazi, masikio yapo tu. Hapo ndo naweka simulizi.

Anza na Ananias Edgar, anayesimulia makala za Denis Mpagaze kule YouTube. Mara ya kwanza sikiliza habari. Mara ya pili sikiliza anaposhusha sauti na anaponyamaza. Wakubwa zetu wanamkumbuka Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyetafsiri filamu za nje kwa sauti yake kwenye kanda za video. Mtu mmoja anaigiza jambazi na polisi, na unajua nani kaongea!

Inatuhusu nini? Nina wateja visiwani ambao maandishi marefu hawasomi. Voisi ndo duka lenyewe. Ukitaja rangi, saizi, bei na nauli kwa pumzi moja, mteja anashika nauli tu. Taja bei, nyamaza, kisha endelea.

Mazoezi? Tafuta kitabu cha Mkerewe wetu, Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Myombekere anamfuata mke ukweni, wakwe wanadai pombe ya ndizi. Hayo ni mapatano kabisa, ndugu zangu. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, jirekodi, jisikilize.

Bando likisumbua, pakua usiku. Na hedifoni weka sikio moja, mteja akigonga kaunta umsikie.