Majaribio ya Dawa (Sehemu ya Nne): Mafunzo ya Mwenye Ufunguo wa Stoo

Januari 6, 2025 Baraza la Kimataifa la ICH, linalooanisha kanuni za dawa kati ya nchi, lilipitisha marekebisho ya tatu ya mwongozo wa kuendesha majaribio ya dawa kwa binadamu. Limo humo agizo fupi lenye uzito mkubwa: anayekabidhiwa kazi katika jaribio afunzwe kwa kadiri ya kazi yenyewe. Kwa mfamasia na fundi dawa, agizo hilo halitimizwi kwa kozi ya jumla ya mtandaoni inayomfundisha daktari kuomba ridhaa, kisha ikamwachia mtunza dawa cheti tu. Wanastahili kozi yao wenyewe ya mtandaoni.

Historia inaonyesha kwa nini. Oktoba 1948 ilitoka ripoti ya Uingereza kuhusu streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu: 55 walipewa dawa na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake. Katika miezi sita walifariki 4 wa kundi la kwanza na 14 wa kundi la pili. Hesabu hizo ziliaminika kwa sababu mtakwimu Austin Bradford Hill aliwapanga wagonjwa kwa namba za nasibu, akazifungia ndani ya bahasha zilizoandikwa kwa nje jina la hospitali na namba tu, hata daktari asiweze kumpendelea mtu. Baadaye zamu ikawa yetu. Jaribio la tiba ya kifua kikuu lililofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambalo matokeo yake yalianza kutangazwa mwaka 1972, lilionyesha kwamba miezi sita ya streptomaisini, isoniazidi na rifampisini inaweza kushindana na miezi 18 ya tiba ya zamani. Ugonjwa uliwarudia asilimia 3 tu. Kwa waliopewa mseto huo bila rifampisini, asilimia 29. Pengo hilo lisingeonekana kama makopo yangechanganywa stoo. Mgonjwa wa Temeke au Kisumu anayemaliza tiba kwa miezi sita leo anakula matunda ya uaminifu wa watu ambao majina yao hayamo katika vitabu.

Siku hizi siri ya bahasha mara nyingi hukaa na mfamasia. Katika jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009 katika nchi saba, vikiwamo vituo vya Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, chanjo zilizolinganishwa hazikufanana kwa sura, hivyo bomba la sindano lilifunikwa utepe usiopenyeza mwanga. Anayeandaa dozi anajua. Muuguzi na mzazi hawajui, na haifai wajue hata kwa kumsoma usoni. Kozi nzuri imfundishe hayo kwa vitendo. Imwonyeshe rekodi ya friji inayotakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, nayo usiku imefika 11, imuulize afanye nini. Jibu ni kuzitenga dozi kwenye baridi sahihi, kuziandika kuwa zisitumike, kumjulisha mdhamini wa jaribio, na kutotupa wala kutoa hata moja kabla ya jibu la maandishi. Impe pia leja yenye vidonge vilivyopungua, avitafute.

Wapo wanaosema kazi ya mikono haifundishwi kwenye skrini. Wana haki nusu: msimamizi amwangalie mwanafunzi akifanya kazi stoo kabla ya kumkabidhi ufunguo, lakini kosa la friji ni heri alifanye kwanza kwenye skrini kuliko kwenye dozi ya mtoto. Intaneti dhaifu nayo ina dawa, masomo yapakuliwe kwenye simu. Na yawe kwa Kiswahili pale ambapo kazi yenyewe hufanyika kwa Kiswahili. Gharama ni ndogo mno ikilinganishwa na jaribio lililoharibika, kwa kuwa dhamana ya mshiriki aliyejitolea mwili wake hailipiki. Mabaraza ya famasi na mamlaka za dawa zetu zidai mafunzo haya kabla ya kuidhinisha kituo, na wafadhili wayatengee fungu kabla chupa ya kwanza haijapokelewa.