Kuiandaa Mashine Kuukuu ya Kukuzia Picha

Mashine ya kukuzia picha ni projekta inayomulika chini: mwanga wa balbu hupita kwenye negativu, kisha lenzi huitupa taswira iliyokuzwa juu ya karatasi iliyolazwa kwenye ubao. Aina nyingi hazina mota wala shata, ndiyo maana Durst ya Italia au Beseler ya Marekani iliyotumika kwa miaka 40 bado hutoa picha safi, ilmradi ikaguliwe na kunyooshwa.

Ukaguzi huanzia kwenye lenzi. Ikimulikwa kwa tochi, lenzi iliyoingia kuvu huonyesha nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui. Lenzi hiyo huipa picha ukungu, na mara nyingi kuinunua nyingine ni nafuu kuliko kuisafisha. Filamu ya milimita 35 hutumia lenzi ya milimita 50. Negativu ya sentimita 6 kwa 6 huhitaji ya milimita 80. Balbu iwe nyeupe kama maziwa, isiyo na maandishi kichwani, kwa kuwa maandishi hayo yanaweza kuacha kivuli kwenye picha. Mashine ya Marekani hutumia volti 120, hivyo kwa umeme wa Afrika Mashariki huhitaji transfoma ya kupunguza volti.

Kazi kubwa ni kuzilinganisha nyuso tatu: ubao, kishikio cha negativu na ubao wa lenzi. Zote zinapaswa kulala sambamba. Pima maji ndogo huwekwa kwenye ubao, kisha kwenye kishikio, na mwisho kuegemezwa kwenye ukingo wa lenzi. Povu lake likae mahali palepale kote. Penye kasoro, skrubu hulegezwa na vipande vya karatasi ngumu hupachikwa chini ya sehemu iliyoinama. Kuhakikisha, kipande cha filamu nyeusi hukwaruzwa kwa sindano katikati na kwenye pembe nne, kisha humulikwa lenzi ikiwa wazi kabisa. Mikwaruzo yote ikionekana kwa ukali kwa pamoja, nyuso ziko sawa. Nguzo ndefu ya mashine nayo ifungwe ukutani, maana mtikisiko mdogo tu huharibu picha.

Wakati wa kuchapa, taswira hulengwa lenzi ikiwa wazi, halafu tundu la lenzi hupunguzwa hatua mbili au tatu, kwa kawaida hadi f/5.6 au f/8. Muda hupatikana kwa kipande cha majaribio: kadibodi inayofunika karatasi ya picha husogezwa kila baada ya sekunde 5, na mistari inayotokea huonyesha upi unafaa.

Mwisho hujaribiwa taa nyekundu ya chumba cha giza. Sarafu huwekwa juu ya karatasi ya picha kwa dakika 5 chini ya taa hiyo pekee, kisha karatasi husafishwa kwenye dawa. Duara la sarafu likionekana, taa isogezwe mbali au ibadilishwe. Lisipoonekana, chumba kiko tayari.