Jokkmokk: Ardhi, Maji na Urithi wa Wenyeji

Halmashauri ya Jokkmokk, kaskazini mwa Uswidi, ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 19,000, ilhali wakazi wake ni takribani 5,000 tu. Duara ya Aktiki hupita humo. Hivyo katikati ya kiangazi zipo siku ambazo jua halichwi.

Hii ni nchi ya Wasami, wenyeji wafugao kulungu wa nchi za baridi. Gulio la Jokkmokk lilianzishwa mwaka 1605, na hadi leo hufanyika kila Februari.

Mwaka 1909 Serikali ilitenga hifadhi ya taifa ya Stora Sjöfallet, ambayo sehemu yake imo Jokkmokk. Miaka 10 baadaye, eneo lake moja liliondolewa ili lijengwe bwawa la Suorva kwa ajili ya umeme. Maji yakafunika malisho na makazi ya Wasami.

Mwaka 1996 eneo la Laponia, likiwemo hifadhi hiyo, liliingizwa katika Urithi wa Dunia. Leo Wasami ndio wengi katika bodi inayolisimamia.

Ndugu mwananchi, mpaka wa karatasini haulindi mali asili peke yake. Huilinda pia wenyeji wanaoketi penye maamuzi.