Ukiosha gari nyumbani, anza na magurudumu

Jumamosi asubuhi mitaa ya Airport, kuanzia Magongo hadi Port Reitz, hukosi kuona mtu na ndoo yake mlangoni akiosha gari. Huyu ana mgeni wa kupokea uwanja wa ndege, yule ni dereva wa teksi anayejitayarisha kwa abiria wa jioni. Wengi wetu huanza na paa, tukaja kwenye vioo na milango, na magurudumu tukayaachia maji machafu yaliyobaki. Hapo ndipo tunapokosea.

Magurudumu ndiyo yenye uchafu mbaya zaidi. Kila ukikanyaga breki, pedi na diski husagana na kutoa vumbi lenye chembe za chuma. Vumbi hilo hunata kwenye rimu, likipata unyevu hushika kutu na kuacha madoa ya hudhurungi. Ongeza hewa yetu ya chumvi ya baharini, na vumbi la barabara zinazopitiwa na malori ya bandarini usiku na mchana. Kwa hiyo anza na magurudumu, kisha uende kwenye bodi. Ukianza na bodi, uchafu wa rimu utarukia pale ulipokwisha kusafisha.

Usioshe gari likiwa limetoka safarini. Ngoja rimu na breki zipoe, kwani diski yenye moto ikimwagiwa maji baridi ghafla yaweza kupinda, na usukani ukaanza kutetemeka ukifunga breki. Tafuta kivuli, shughulikia gurudumu moja baada ya jingine, na usiache sabuni ikaukie.

Weka ndoo na sponji ya magurudumu mbali na ya bodi. Chembe za chuma zikibaki kwenye sponji zitakwaruza rangi. Mwagia maji kwanza ili matope yalegee, ukikumbuka na ndani ya madigadi, halafu tumia sabuni ya maji ya kuoshea magari. Brashi laini yatosha kwa rimu, na ngumu kidogo ni ya tairi. Usitumie asidi wala steelwool, hasa kwa rimu za spoti, kwani huharibu rangi inayozikinga.

Visima vingi vya Mombasa hutoa maji ya chumvi. Kama huna mengine, osha nayo, lakini weka walau ndoo moja ya maji matamu ya kusuuzia mwisho, kisha ukaushe kwa kitambaa, hasa kwenye nati.

Kuna desturi ya kupaka tairi dizeli au oili chafu ili ing'are. Jamani, tuache. Mafuta hayo hula mpira. Hata dawa halisi ya kung'arisha, paka ubavuni tu. Ikifika sehemu inayokanyaga lami, gari litateleza.

Faida kubwa kuliko zote si urembo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na brashi, siku moja kabla ya kuwapeleka watoto Malindi, nilipoona uvimbe ubavuni mwa tairi ya nyuma. Matope yalikuwa yameuficha. Tairi yenye uvimbe imekatika nyuzi za ndani na yaweza kupasuka wakati wowote. Safari ilingoja hadi nilipoibadilisha.

Basi ukimaliza kuosha, kagua. Tazama kama kuna msumari, ufa au uvimbe. Ndani ya mitaro ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Tairi ikilika hadi ikawa sawa navyo, imebakiwa na milimita 1.6 tu, ibadilishe. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Wanunuzi wa tairi za mtumba wasisahau hili. Ukizikosa upande wa nje, chungulia upande wa ndani.

Mwisho, usiliegeshe gari likiwa limelowa. Liendeshe pole pole kidogo, ukigusa breki mara kadhaa zikauke, ndipo ulipumzishe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu saa ya brashi na ndoo ni rahisi kuliko tairi kukupasukia barabarani na jamaa wako ndani.