Mganda aliyewachanganya wapanga chati

Wadau, hapa Ipuli ukimwambia mwanakwaya kwamba violini zinaweza kubeba midundo yetu, anakuuliza: nani kakubali? Jibu liko jirani, Uganda.

Justinian Tamusuza, aliyezaliwa 1951, alisomea utunzi mpaka Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mwaka 1988 akaandika kazi ya violini mbili, viola na selo, jina akalipa Kiganda: Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani kwenye Njia ya Msalaba. Ngoma hakuna humo! Ila vyombo vinapishana kama wapiga amadinda, yale marimba makubwa ya Kiganda: huyu anaacha nafasi, mwenzake anaijaza.

Kronos Quartet wakairekodi sehemu ya kwanza kwenye albamu Pieces of Africa, 1992. Albamu ikashika namba moja Billboard, chati ya klasiki na ya muziki wa dunia pia. Yaani hawakujua waiweke wapi, hahaha!

Wapo wanaosema kurudiarudia kule ni mtindo wa kina Steve Reich wa Marekani. Jamani, Reich mwenyewe alikwenda Ghana 1970 kujifunza ngoma! Sasa nani kamwiga nani? Tupeni maoni.