Bi. Kidude na Ngoma Aliyoikimbilia

Ndugu msomaji, iwapo umelelewa Kimamba, baina ya mashamba ya mkonge na reli iendayo Kilosa, bila shaka waijua ngoma isikikayo nyuma ya ua pale mwali anapochezwa. Wanaume hawasogei, humo ndimo wazee wa kike humfunda binti. Ngoma ya namna hiyo ndiyo iliyomlisha Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyejulikana duniani kwa jina la Bi. Kidude hadi alipofariki tarehe 17 Aprili, 2013.

Uzeeni, alipousimulia mwanzo wa kazi yake, hakuupamba. Baba yake aliuza nazi. Chuo cha muziki hakukiona; aliokota sanaa kwa kumsikiliza Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Akingali binti mdogo, Kidude aliikimbia ndoa ya kulazimishwa, akavuka bahari kuja bara, akazunguka akiimba. Ndoa ya baadaye nayo ikamshinda, akaondoka tena. Na ingawa Siti aliimba akiwa amejifunika, yeye aliamua kuufunua uso wake mbele ya watu.

Hebu fikiri, msomaji, uamuzi huo ulimgharimu nini. Zama zile mwanamke aliyeimba mbele ya wanaume alionekana mhuni. Hakujaaliwa mtoto wa kumtunza. Nyimbo nazo hazikumtajirisha. Alitengeneza wanja na hina, akauza. Akawa kungwi, akiwafunda wali huku ameufunga msondo kiunoni na kuupanda.

Heshima ilimfikia jua likizama. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na mwaka 2006 ikatoka filamu ya maisha yake, naye akaonekana mwenyewe akisimulia, akicheka, akivuta sigara.

Mzazi mwenzangu, bintiyo akikuambia kwamba moyo wake umo katika kuimba au kuigiza, huenda ukakunja uso. Hofu yako si bure. Lakini kabla ya kumfungia mlango, muulize atashika kazi gani ya mkono pamoja na sanaa yake. Bi. Kidude hakuutupa wimbo kwa sababu ya hina, wala hina kwa sababu ya wimbo. Nasi tuliocheza kwa sauti za wanawake wa namna yake harusini, tujiulize: tulipokwisha kucheza, tuliwatunza?